Mtoto Umleavyo: Utoto, Vita na Utu wa Mtu Mzima



Wazee wetu walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Walisema tena: udongo uwahi ungali maji. Na tena: samaki mkunje angali mbichi. Hapa Uvira, ambako ndagala huanikwa juani karibu na maji, methali hii ya mwisho haihitaji mfasiri. Samaki mbichi hufuata mkono wa anayemkunja. Aliyekauka, ukimlazimisha, huvunjika. Methali zote tatu zinasema neno moja: yanayompata mtu katika udogo wake hukaa naye katika ukubwa wake.

Neno hili ni la kweli, lakini huweza kugeuka hukumu. Katika mitaa na vijiji vyetu, kutoka Kavimvira hadi Makobola, hadi Baraka na Fizi, tunasikia watu wakimtaja kijana aliyetoka katika kundi la silaha wakisema: “Huyo ameharibika tangu utotoni, hatengenezeki tena.” Tunasikia vilevile yatima mwenye tabia ngumu akiitwa mchawi. Anayesema hivyo hudhani kwamba anarudia hekima ya wazee. Sisi tunaona ni vema tuchunguze kwanza wazo lenyewe lilivyokua: nani alilifanyia utafiti, aliona nini, na alisahihishwa wapi. Historia hiyo inaanzia Vienna, inapita London, inafika Kampala, na mwishoni itaturudisha kwenye ziwa letu.

Daktari wa Vienna

Sigmund Freud alizaliwa mwaka 1856 akafa mwaka 1939. Alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu mjini Vienna, nchini Austria. Walimjia wagonjwa waliokuwa na mikono iliyopooza, sauti iliyopotea, au hofu isiyoelezeka, na katika miili yao hakuonekana kidonda chochote. Mwaka 1895 yeye na mwenzake Josef Breuer walitoa kitabu juu ya wagonjwa hao. Badala ya kuwapa dawa tu, waliwaachia waseme. Wagonjwa walipokuwa wakisema, nyuma ya maumivu ya leo yalijitokeza maumivu ya zamani ambayo mwenyewe alikuwa ameyasahau, lakini yalikuwa hayajamsahau yeye. Kutoka hapo ilizaliwa elimu ya uchambuzi wa nafsi, ambayo msingi wake ni huu: sehemu kubwa ya nafsi ya mtu imefichika kwa mtu mwenyewe, na mizizi ya sehemu hiyo iko katika miaka ya kwanza ya maisha.

Mwanzoni, mwaka 1896, Freud alisema kwamba chanzo cha magonjwa hayo ni mambo halisi: mtoto alitendewa uovu wa mwili na mtu mzima. Mwaka uliofuata aliacha msimamo huo. Akaanza kufundisha kwamba mara nyingi tatizo liko katika matamanio na mawazo ya mtoto mwenyewe juu ya wazazi wake: upendo wake, wivu wake na hofu yake ya kuadhibiwa. Mwaka 1905 alitoa kitabu kilichogawa utoto katika hatua: kwanza mdomo na kunyonya, halafu kujizuia na kujifunza usafi, halafu wivu kati ya mtoto na wazazi. Kwa maoni yake, mtoto akikwama katika hatua moja, alama yake hubaki katika tabia ya mtu mzima, kwa mfano ubahili, ukaidi, au kuwategemea wengine kupita kiasi.

Kulikuwa na udhaifu katika njia hiyo. Freud alisikiliza zaidi watu wazima wakikumbuka utoto wao, wala hakukaa na watoto wadogo siku kwa siku. Hata habari zake maarufu za mvulana mdogo aliyeogopa farasi, alizozichapisha mwaka 1909, zilimfikia kwa sehemu kubwa kwa maandishi ya baba wa mtoto. Lakini mara moja alimtazama mtoto kwa macho yake mwenyewe, na jambo aliloliona linatufaa hata leo. Mtoto huyo alikuwa mjukuu wake, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu. Mama yake alipotoka hakulia. Alichukua kigogo cha uzi, akakirusha nyuma ya kitanda kisionekane, kisha akakivuta kwa kamba kirudi, na kila kiliporudi alifurahi. Freud aliandika habari hiyo mwaka 1920. Alielewa kwamba mtoto alikuwa akicheza kuondoka kwa mama yake. Jambo lililompata bila hiari yake, alilirudia katika mchezo ili safari hii awe yeye anayelitawala.

Basi tunapowaona watoto wetu wakicheza vita kwa vijiti, mmoja anaanguka na wengine wanakimbia, tusifanye haraka kuwapiga au kusema kwamba wamekuwa wabaya. Huenda wanafanya kazi ile ile aliyoifanya mtoto wa Vienna na kigogo chake.

Mwana aliyerudisha swali kwenye mambo halisi

John Bowlby alikuwa Mwingereza, daktari wa akili, aliyefunzwa katika chama cha wachambuzi wa nafsi cha London. Yeye mwenyewe alilelewa na yaya wa nyumbani, na yaya huyo aliondoka Bowlby alipokuwa karibu na miaka minne. Alilikumbuka pengo hilo maisha yake yote. Alipokuwa mwanafunzi, mwalimu wake Melanie Klein hakumruhusu azungumze na mama wa mtoto aliyekuwa akimtibu, kwa sababu walimu wa wakati huo walitaka kuchunguza mawazo ya mtoto, si maisha ya nyumbani kwake. Bowlby hakuridhika. Aliuliza swali ambalo mzazi yeyote wa Uvira angeliuliza: mtoto huyu amepatwa na nini hasa?

Mwaka 1944 alichapisha uchunguzi juu ya watoto 44 waliokuwa wezi. Kati yao, 17 walikuwa wametengwa na mama zao kwa muda mrefu katika miaka ya kwanza. Katika kundi jingine la watoto 44 wasio wezi, aliowalinganisha nao, wa namna hiyo walikuwa wawili tu. Baada ya vita vikuu vya pili Shirika la Afya Duniani lilimwomba aandike juu ya watoto wasio na makao, na taarifa yake ikatoka mwaka 1951. Alisema kwamba mtoto anahitaji uhusiano wa joto, wa karibu na wa kudumu na mama yake, au na mtu anayeshika kweli nafasi ya mama, kama vile mwili unavyohitaji chakula.

Taarifa hiyo ilileta mema. Hospitali zilizokuwa zikiwazuia wazazi wasikae na watoto wao wagonjwa zilianza polepole kufungua milango. Lakini wengine waliisoma vibaya. Walisema: basi mtoto aliyemkosa mama amepotea, na mama anayekwenda sokoni au shambani anamharibu mwanawe. Kwa hiyo mwaka 1962 Shirika hilo hilo la Afya lilitoa kitabu cha pili cha kulipima upya jambo hilo, na mwaka 1972 daktari Michael Rutter alionyesha kwamba watu walikuwa wamechanganya mambo mengi chini ya jina moja. Kutengana kwa siku chache, kifo cha mzazi, ugomvi wa nyumbani, na kukulia mahali ambapo hakuna mtu wa kukushughulikia, haya hayana uzito mmoja wala matokeo mamoja.

Watoto sita waliookolewa

Wakati huo huo Anna Freud, binti wa Sigmund, alikuwa akiwatunza watoto wa vita nchini Uingereza. Mwaka 1945 waliletwa kwake watoto sita Wayahudi, wenye umri wa karibu miaka mitatu, waliotoka katika kambi ya Wanazi ya Theresienstadt. Wazazi wao walikuwa wameuawa. Walikuwa wamepita mkono hadi mkono tangu uchanga, na kambini hakuna mtu mzima aliyekaa nao kwa kudumu.

Walipofika walivunja vitu, waliwapiga na kuwauma walezi, waliwatukana watu wazima. Lakini kati yao wenyewe mambo yalikuwa tofauti kabisa. Hawakukubali kutenganishwa hata kwa dakika chache. Mmoja akibaki nyuma, wengine walirudi kumfuata. Wakati wa chakula, kila mmoja alihakikisha mwenzake amepata, kabla ya kula chake. Anna Freud na Sophie Dann waliandika habari zao mwaka 1951. Walikiri kwamba watoto hao walikuwa na wasiwasi mwingi na ugumu wa tabia, lakini hawakuwa wamepotea. Walijifunza lugha mpya, wakaanza polepole kuwapenda walezi wao. Kile ambacho hawakukipata kwa mama, sehemu yake walikuwa wamepeana wao kwa wao.

Habari hii inawahusu ninyi vijana kuliko nyingine zote. Watoto wa miaka mitatu, bila mzazi, bila mwalimu, waliweza kuwa walinzi wa nafsi za wenzao.

Sebule za Uganda

Mwanamke aliyelipa wazo hili ushahidi wa macho alikuwa Mary Ainsworth, mtaalamu wa saikolojia aliyekulia Kanada na kufanya kazi na Bowlby mjini London. Mwaka 1954 alifika Kampala pamoja na mumewe, aliyepata kazi katika taasisi ya uchunguzi wa jamii huko Makerere. Ainsworth alikwenda vijijini nje ya mji, akazitembelea familia 26 za Waganda zenye watoto wachanga 28. Alikuwa na mkalimani, na alifika kila baada ya majuma mawili, saa za mchana ambapo mama wa Kiganda hupokea wageni sebuleni. Alikaa kama saa mbili, akatazama: mtoto analia lini, ananyamaza kwa nani, anamtambaa nani, anafanya nini mgeni anapoingia. Aliendelea hivyo kwa miezi kadhaa, na kitabu chake kilitoka mwaka 1967.

Aliona kwamba mtoto hamwambatani mama kwa sababu ya maziwa tu. Mtoto aliyemtumaini mama yake alimwacha, akatambaa hadi mlangoni kuchunguza kitu kipya, akageuka kumwangalia, akaenda mbele tena. Alipoogopa alirudi mbio. Mama alikuwa kwake kama bandari ya Kalundu kwa mtumbwi: kwa sababu bandari ipo, mtumbwi unathubutu kwenda mbali. Kati ya watoto 28, aliwahesabu 16 kuwa na usalama huo. 7 walikuwa na wasiwasi, walilia sana hata wakiwa mikononi mwa mama. Na 5 walikuwa bado hawajaonyesha kumwambatana mama yao.

Ni nini kilichowatofautisha? Wanasaikolojia wengi wa Ulaya wangalitarajia kuona kwamba mtoto anayelelewa na watu wengi hukosa usalama. Ainsworth hakuona hivyo. Kulelewa na mama, bibi, shangazi na ndugu hakukuwa kasoro. Kilichohesabika zaidi ni kwamba mama alimjua mtoto wake, aliweza kueleza habari zake kwa undani, alizitambua ishara zake na kuziitikia. Jambo hili Ainsworth alilithibitisha baadaye kwa uchunguzi mwingine mjini Baltimore, Marekani.

Katika Kiswahili cha pwani ya bahari, yaya ni mtu anayelipwa ili alee mtoto. Katika Kiswahili chetu cha Kongo, yaya ni kaka au dada mkubwa. Sisi tunajua kwa nini. Ni yaya anayembeba mdogo wake mgongoni mama anapokwenda Mulongwe sokoni, ni yaya anayemwosha, anayemtuliza usiku. Wasichana na wavulana mnaosoma maneno haya, wengi wenu mmekwisha kushiriki katika kujenga nafsi ya mtu, pengine bila kujua.

Watoto wa ziwa

Turudi sasa nyumbani. Kabla Freud hajaandika neno juu ya utoto, swali la mtoto aliyeng’olewa kwa mama yake lilikuwa limekwisha kuulizwa kwenye fukwe hizi. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ya watumwa ilivuka ziwa hili kutoka Manyema kwenda Ujiji, na katika bidhaa zake walikuwamo watoto. Mapadre Weupe, waliotumwa na Kardinali Lavigerie, walifika Ujiji mwaka 1879. Walianzisha kituo Rumonge, katika Burundi ya leo, halafu Mulweba katika nchi ya Masanze mwaka 1880, na Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari, mwaka 1883. Waliwakomboa watoto, wakawalea pamoja katika nyumba za yatima, wakawafundisha sala, kusoma na kazi za mikono, kisha wakawaozesha na kuwajengea vijiji.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi, wala swali la nani mwenye mtoto halikuwa dogo. Tarehe 4 Mei 1881 wamisionari watatu waliuawa Rumonge, na chanzo kilikuwa ugomvi uliohusu mtoto aliyekuwa akilelewa kituoni. Tukiisoma historia hii kwa macho ya Bowlby na Ainsworth tunaona kwamba mkate, nguo na katekisimu ni sehemu tu ya malezi. Mtoto aliyeshtuka usiku katika bweni la Kibanga alimwita nani? Na huyo aliyeitwa, aliijua sauti yake?

Katika watoto wote waliokombolewa na Mapadre Weupe, anayejulikana zaidi kwenye ziwa hili ni Adrien Atiman. Hakuzaliwa huku. Alikuwa mtoto wa nchi za mto Niger, katika Mali ya leo. Alitekwa akiwa mdogo, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa, akakombolewa nchini Algeria. Mwaka 1881 alipelekwa Malta pamoja na vijana wengine Waafrika kusoma uganga. Alipomaliza, alianza safari ya kuja ziwani, akafika Karema, upande wa mashariki, mwaka 1889. Alimwoa Agnes Wansahira. Alitibu wagonjwa wa Karema kwa zaidi ya miaka 60, hadi kifo chake mwaka 1956.

Hapa tuwe waangalifu. Hatuwezi kuilaza nafsi ya Atiman mbele ya Freud na kusema kwa nini aliyejeruhiwa amekuwa mponyaji. Wala tusimfanye rungu la kuwapiga wengine, tukisema: “Atiman aliweza, mbona wewe huwezi?” Lakini mambo mawili yako wazi. La kwanza, baada ya kupita mikono mingi alipata watu waliokaa: walezi kwa miaka, wenzake waliokombolewa kama yeye, kisha mke na jamii. La pili, aliisema habari yake. Katika uzee wake aliandika maisha yake mwenyewe, nayo yakachapishwa mwaka 1946 katika jarida la historia la Tanganyika. Yule mtoto aliyetekwa hakufichwa wala hakusahauliwa na yule mzee mganga.

Kadogo na mtoto wake

Jambo hilo la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 1975, nchini Marekani, Selma Fraiberg na wenzake waliandika juu ya wazazi vijana walioteswa utotoni. Walijiuliza kwa nini baadhi yao huwatendea watoto wao yale yale waliyotendewa, na wengine hawafanyi hivyo. Waliona kwamba wale wanaorudia ukatili huweza kukumbuka matukio, lakini maumivu yake wameyafungia nje; husimulia kipigo kama wanasimulia habari za mtu mwingine. Wale ambao waliweza kuyakumbuka maumivu yenyewe, kulia hofu yao ya zamani mbele ya mtu aliyewasikiliza, hawakutaka mtoto wao ayaonje. Kwa hiyo yanayotokea utotoni yana nguvu, lakini nguvu yake ya kujirudia hupungua yakipata msikilizaji.

Sisi tuna sababu ya kulishika neno hili. Vita vilianza katika Uvira na milima yake mnamo Oktoba 1996, vikarudi mwaka 1998, na tangu hapo hatujapata muda mrefu wa kupumua. Wakati ule lugha yetu ilipata jina kwa askari watoto: kadogo. Jina lenyewe lilikuwa ungamo. Kila aliyelitamka alikiri kwamba aliyebeba bunduki alikuwa mdogo. Aliyekuwa na miaka kumi wakati huo leo ni mzazi, na watoto wake wamekaa nanyi katika benchi za kanisa. Kama hakuna aliyemsikiliza kadogo huyo, mtoto wake analelewa na mtu anayebeba peke yake mambo makubwa mno.

Sheria imekwisha kusema. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kuwaingiza watoto katika makundi ya silaha, na inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Mwaka 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, katika hukumu yake ya kwanza kabisa, ilimtia hatiani Thomas Lubanga wa Ituri kwa kosa la kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Lakini hakimu hawezi kukaa na mtoto jioni. Kazi hiyo imebaki kwa jirani.

Wala tusidanganyane kwamba upendo kidogo unafuta yote. Baada ya mwaka 1989 watoto wengi wa nyumba za yatima za Romania, walioishi katika hali mbaya sana, walichukuliwa na familia za Uingereza. Rutter na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi. Waliotolewa kabla ya miezi sita ya umri, wengi walikua kama watoto wengine. Kati ya waliokaa zaidi ya hapo, wengi walibaki na matatizo hata walipokuwa watu wazima. Hata hivyo wengine kati yao walikua vizuri. Samaki wa methali, basi, hukauka kweli, na kila mwezi tunaochelewa una gharama. Ila mtu si samaki. Hakuna aliyechunguza watoto hawa na kupata siku ambayo mtu angeweza kusema: kuanzia leo, kumshughulikia huyu ni bure.

Kwa hiyo, wapendwa vijana, anapokuja katika kikundi chenu kijana aliyetoka msituni, au mtoto ambaye mtaa umemwita mchawi, msimhoji kama polisi, wala msimlazimishe kutoa ushuhuda mbele ya watu. Mwacheni acheze, aimbe, ashike ngoma. Mjulisheni siku na saa mtakayokutana, halafu mwonekane siku hiyo na saa hiyo, na juma linalofuata tena. Akikasirika bila sababu, kumbukeni watoto sita waliowauma walezi wao. Siku akianza kusema, mmoja wenu aache simu yake na asikilize hadi mwisho. Na likionekana jambo linalozidi nguvu zenu, mpelekeni pamoja na mtu mzima mnayemwamini kwa wahudumu wa afya, msimwache aende peke yake.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika utoto wako, ni nani aliyeitikia ulipoita? Je, amekwisha kusikia shukrani yako?

2. Ni methali au maneno gani ya mtaani yanayotumiwa kumfungia mtoto mlango? Tunaweza kuyajibu vipi bila kuwadharau wazee wetu?

3. Wewe ni yaya wa nani? Unazijua ishara zake za hofu, za njaa na za huzuni?

4. Katika parokia yetu, ni mtoto gani anayepita mkono hadi mkono? Nani kati yetu yuko tayari kukaa naye kwa mwaka mzima, si kwa siku moja?